Kutunza Ziwa Victoria kuanzia mwaloni kwenu: mwongozo kamili kwa vijiji vya kando ya ziwa

Ukikaa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua, ukauliza nani anachafua Ziwa Victoria, utaambiwa ni viwanda vya mjini, ni wachimbaji dhahabu, ni wenzetu wa nchi jirani. Yote hayo yana ukweli wake. Hata hivyo rutuba iliyozidi, ile inayogeuza maji kuwa ya kijani, kwa sehemu kubwa haitoki kwenye bomba la kiwanda. Inatoka kwenye udongo uliosombwa na mvua, kwenye moshi na vumbi vinavyoangukia majini, na kwenye kinyesi. Inaingia kidogokidogo katika maelfu ya sehemu: mfereji wa soko, shamba lililolimwa hadi ukingoni, kambi ya uvuvi isiyo na choo. Sehemu hizo zimo mikononi mwa kijiji, na ndizo zinazoshughulikiwa hapa. Mifano ya sheria na ofisi ni ya Tanzania, ila kazi yenyewe inafanana Kenya na Uganda.

Kwanza lifahamuni ziwa lenu. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hakuna ziwa kubwa kuliko hilo Afrika nzima, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Tanganyika, penye kina kirefu kabisa, linafika mita 1,470. Maji mengi ya Victoria ni ya mvua inayolinyeshea lenyewe, na mahali pa kutokea ni pamoja tu, Mto Nile pale Jinja. Kwa hiyo kinachoingia hukaa muda mrefu, hasa kwenye ghuba zenye kina kifupi kama ya Mwanza, ya Winam upande wa Kisumu, na Murchison upande wa Kampala. Kampala huchota sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa Murchison, ghuba ileile inayopokea mfereji wa Nakivubo wenye majitaka ya jiji. Mahali pa kuchotea na mahali pa kumwagia ni pamoja, na hali hiyo utaikuta karibu kila mwalo, kwa kipimo kidogo.

Hatua ya 1: Kaeni pamoja, tena si wavuvi peke yao

Tanzania ina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kenya na Uganda wanavyo pia. Kama mwalo wenu una BMU iliyo hai, anzieni hapo. Ina uhalali, ina viongozi waliochaguliwa, na afisa uvuvi anaijua. Upungufu wake ni kwamba ni chombo cha wavuvi, wenye mitumbwi na wachuuzi. Mama anayechota maji saa kumi na mbili asubuhi hayumo. Mfugaji anayeshusha ng'ombe hayumo. Mkulima wa nyanya wa ukingoni hayumo.

Kwa hiyo fanyeni kikao cha BMU pamoja na kamati ya mazingira ya kijiji, kisha muunde timu ya watu kumi hadi kumi na watano. Wawemo wachakataji dagaa, mfugaji, mkulima, mwalimu wa shule ya msingi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wanawake wasiwe wawili wa kujazia nafasi. Wao ndio wanaokaa na maji haya kwa saa nyingi zaidi kila siku, na ndio wa kwanza kuona yakibadilika rangi au harufu. Timu itambulishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari. Bila muhtasari huo, siku mtakapomzuia mtu mwenye fedha asijenge ukingoni atawauliza ninyi ni nani, na hamtakuwa na jibu.

Hatua ya 2: Tembeeni ufukwe mzima kwa miguu

Chukueni karatasi kubwa, kalamu na simu yenye kamera. Tembeeni kutoka mpaka mmoja wa kijiji hadi mwingine, mkianza mapema kabla mwalo haujachangamka. Chorea kila kitu: mifereji, vyoo, mahali pa kuchotea, pa kuogea, pa kufulia, pa kunyweshea mifugo, mafunjo na matete yaliyobaki, mazalia ya samaki ambayo wazee wanayajua, magugu maji, dampo na nyavu zilizotelekezwa.

Msipite haraka. Simameni mwaloni mtazame. Mama mmoja ameingia hadi magotini, anasugua sufuria kwa mchanga na sabuni ya unga. Kijana kando yake anaosha bodaboda, na utando wa oili unasambaa juu ya maji ukimeta rangi za upinde wa mvua. Hatua chache kutoka hapo mtoto anazamisha dumu la lita ishirini, anasukuma utando kwa kiganja ili apate maji safi chini yake. Andikeni hivyohivyo: nani, anafanya nini, umbali gani kutoka kwa nani, saa ngapi. Msimlaumu mtu yeyote siku hiyo. Mkianza kufoka, wiki ijayo watawaficha, na ramani yenu itakuwa ya uongo.

Rudieni matembezi hayo msimu wa mvua. Mfereji ambao kiangazi ni njia ya mbuzi, masika huwa mto, nao ndio unaobeba kila kitu kilichotupwa miezi sita iliyopita.

Hatua ya 3: Fungueni daftari kabla ya kushika reki

Hapa ndipo juhudi nyingi zinapokosea. Watu huanza na siku ya usafi: fulana zinagawiwa, plastiki zinaokotwa, picha zinapigwa, na baada ya mwezi ufukwe ni uleule. Usafi ni mzuri, lakini kijiji kisicho na kumbukumbu hakiwezi kujua kama kinapiga hatua, wala hakiwezi kumbana anayekichafulia.

Machi 2022 maji ya Mto Mara, unaoingia ziwani upande wa mkoa wa Mara, yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza, wananchi wengi wakahoji majibu hayo, na mabishano yakawa makubwa. Kijiji chenye daftari la miaka miwili lenye tarehe na vipimo huingia kwenye mjadala wa namna hiyo na kitu mkononi.

Kipimo cha kwanza mnaweza kukitengeneza wenyewe kwa fedha kidogo. Kateni sahani ya bati au plastiki ngumu yenye kipenyo cha sentimita 20. Igawanyeni robo nne, mpake nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Toboeni katikati, mpitishe kamba isiyorefuka inapolowa, mfunge jiwe kwa chini, kisha mweke alama kwenye kamba kila sentimita 10. Nendeni kwa mtumbwi mahali palepale kila mara, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maji yakiwa yametulia. Ishusheni sahani upande wa kivuli cha mtumbwi hadi isionekane; someni kamba. Ipandisheni polepole hadi ionekane tena, someni tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio kipimo cha uangavu wa maji siku hiyo. Mara moja kwa wiki inatosha, na bora afanye mtu yuleyule, kwa sababu macho hutofautiana.

Pamoja na kipimo hicho andikeni rangi na harufu ya maji, mvua ilinyesha lini, upepo unatoka wapi, magugu yapo kiasi gani, na samaki waliokufa ni wa aina gani. Mwisho wa mwezi mhudumu wa afya aongeze idadi ya wagonjwa wa kuhara na kichocho walioonekana zahanati, idadi tu bila majina. Baada ya mwaka mtaona mambo ambayo hakuna mtaalamu aliyewaambia: pengine kuhara kunapanda wiki ileile mfereji fulani unapoanza kutiririka.

Kwa vijidudu hakuna njia ya kupima kwa macho. Wasilianeni na maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Mwanza, waulizeni gharama na wawape chupa zilizotakaswa. Sampuli iwekwe kwenye ubaridi na ifike maabara siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Mkipima mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika, mmefanya kazi kubwa.

Hatua ya 4: Shughulikieni kinyesi

Kama mna nguvu ya jambo moja tu, liwe hili. Kanda ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye kichocho kingi sana nchini, na visiwa vya Ukerewe vinajulikana kwa hilo. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa na yakifika majini huanguliwa. Kijidudu kinachotoka humtafuta konokono mdogo anayeishi kwenye majani ya ukingoni, na baada ya wiki kadhaa konokono huachia vijidudu vingine vinavyopenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Mtoto hahitaji kunywa maji. Kusimama ndani yake kunatosha. Kinyesi kisipofika majini, mnyororo wote unakatika.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Lakini mita 30 kutoka wapi? Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia viwango vya mwaka 1964, na vyoo vingi vya mialo vikamezwa pamoja na vibanda. Waulizeni wenyeji maji yalifika wapi Mei mwaka ule, wekeni alama ya rangi kwenye mwamba au mti, mpime kuanzia alama hiyo.

Penye miamba au maji ya karibu, shimo la kawaida halifai. Jengeni choo cha kuinuliwa chenye tangi lililozibwa kwa saruji na ngazi za kupandia, na mwamue kabla ya kujenga nani atalimwaga, lini na wapi. Choo cha kuinuliwa kisicho na mpango wa kumwagwa hujaa, hufungwa, na watu hurudi vichakani. Kambi za uvuvi ndizo ngumu zaidi, kwa sababu watu huhama na msimu na hakuna anayejiona mwenyeji. Njia inayowezekana ni kuwabana wenye mitumbwi badala ya wavuvi mmoja mmoja: kila mwenye mtumbwi anayetua hapo achangie ujenzi na mshahara wa msafishaji. Kwa wanaokesha na dagaa, ndoo yenye mfuniko na majivu ndani ya mtumbwi, inayomwagwa chooni asubuhi, ni bora kuliko ilivyo sasa.

Sambamba na vyoo, fuatilieni dawa. Kampeni ya kingatiba ikija shuleni, timu ipite nyumba kwa nyumba kuhimiza, na muombe pia wavuvi watu wazima wafikiriwe. Praziquantel, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa lakini haikingi mtu asiambukizwe tena, ndiyo maana dawa bila choo haimalizi kazi.

Kwa maji ya kuoga, yakikaa kwenye tangi au pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho hufa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Yapo maji ambayo kuchemsha hakuyasaidii: yale yenye utando mzito wa kijani kama rangi iliyomwagwa. Utando huo unaweza kuwa na sumu, na moto hauiondoi. Kuchemsha kunaweza hata kuitoa sumu kwenye vijimea vya utando huo ikaingia zaidi majini. Siku hizo mchote kwingine, kisimani au mbali kabisa na utando, na msiwanyweshe mifugo hapo.

Hatua ya 5: Rudisheni ukingo

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Watu wengi wameisikia, wachache wameiona ikipimwa. Pimeni ninyi, kwa kamba, mbele ya watu, mweke vigingi.

Mtakuta nyumba na mashamba ndani yake, na hapo busara inahitajika. Kumwondoa mjane kwenye bustani yake ya mchicha wakati hoteli iko palepale ni dhuluma, na kijiji kitagawanyika. Anzeni na mita kumi za karibu kabisa na maji, mkubaliane zisilimwe na mtu yeyote. Acheni mafunjo na matete yaote yenyewe. Mizizi ikiwepo hurudi haraka ajabu yasipochomwa. Mkulima wa juu apande mstari wa majani ya kuzuia udongo, kama vetiva au guatemala, kwa kukata mteremko. Guatemala hukatwa kulisha ng'ombe, hivyo mkulima hapotezi ardhi bure.

Mifugo inywe kwenye mabirika yaliyojengwa juu ya ukingo, maji yakipandishwa kwa pampu. Ikishindikana, tengeni njia moja ya kushukia, upande ambao mkondo hauelekei mahali pa kuchotea. Wanaoosha vyombo na pikipiki wapewe mahali pa kuoshea penye sakafu na shimo la mawe la kunyonya maji. Katazo bila mahali mbadala halitafuatwa, na sioni kwa nini lifuatwe.

Hatua ya 6: Magugu maji

Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini na likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 liliziba ghuba nzima. Lililolipunguza zaidi ni fukusi wa jamii ya Neochetina, wadudu wadogo wanaokula gugu hilo, walioachiliwa Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania. Bado lipo, na Mto Kagera huleta jingine.

Likiwa changa, ng'oeni kwa mkono kabla halijatoa maua, kwa sababu mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi. Kwenye hali nzuri huongezeka mara mbili kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kuahirisha mwezi mmoja ni kujizidishia kazi mara nne. Zungusheni kamba yenye maboya mbele ya mahali pa kuchotea ili lisisogee. Wanaoingia majini wavae buti ndefu, glavu na jaketi okozi, na wapige majani kwa fimbo kwanza kufukuza nyoka. Wote waandikishwe zahanati wapate praziquantel wiki sita hadi nane baadaye. Wakimeza mapema zaidi, minyoo michanga haifi.

Rundo liwekwe juu ya alama ya mafuriko, lisiachwe mchangani, maana wimbi moja hulirudisha. Likikauka fanyeni mboji. Ila gugu hufyonza metali nzito, kwa hiyo lililoota karibu na maji ya viwanda au ya machimbo yanayotumia zebaki lisitumike kwenye mboga wala kulisha mifugo. Msipulizie dawa ya kuua magugu kwa uamuzi wenu.

Kuhusu uvuvi nitakuwa mfupi, kwa sababu sheria zake mnazijua. Makokoro yanakwangua mazalia. Timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zikikatikia majini huendelea kuua samaki wasiovuliwa na mtu. Wekeni pipa la nyavu chakavu mwaloni ili zisitupwe. Mazalia mliyochora hatua ya pili yawekewe maboya na mkubaliane yasivuliwe. Sangara chini ya sentimita 50 asipokelewe mwaloni kwenu. Mnunuzi akimkataa, mvuvi hana sababu ya kumleta.

Hatua ya 7: Maji yakibadilika ghafla

Samaki wakielea, jambo la kwanza ni kuwatoa watoto na mifugo majini na kutangaza kwamba samaki hao hawaliwi wala hawauzwi, hata kwa kukaushwa. Kisha pigeni picha zinazoonyesha mahali, andikeni saa, mjaze chupa mbili safi hadi juu, moja pale penye samaki na nyingine mbali kidogo, mziweke kwenye barafu. Mashahidi watatu wasaini daftari.

Angalieni ni samaki gani. Upepo unapopindua maji ya chini yasiyo na hewa, yenye harufu ya mayai viza, sangara ndiye hutangulia kufa, kwa sababu sato huvumilia zaidi. Wanaofuga samaki kwenye vizimba ziwani wanalijua hili kwa uchungu; mwaka 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi. Wakifa samaki wa kila aina pamoja na konokono na vyura, tena karibu na mfereji mmoja, shaka ya sumu ni kubwa zaidi. Vyovyote iwavyo, uamuzi ni wa maabara. Siku hiyohiyo taarifa ya maandishi iende kwa mtendaji wa kijiji, afisa uvuvi, afisa mazingira wa wilaya, ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 8: Sheria ndogo na fedha

Makubaliano ya mdomo hudumu hadi uchaguzi ujao. Serikali ya kijiji iandae rasimu ya sheria ndogo, ijadiliwe na mkutano mkuu, ipite kamati ya maendeleo ya kata, kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Iwe fupi: ukingo, vyoo vya kambi, mahali pa kuoshea, mazalia, faini. Faini iwe inayolipika, na isimamiwe na mtu ambaye hali asilimia ya faini hizo.

Fedha za kazi zitoke kwanza kwenu. Mradi mkubwa wa mazingira wa ziwa hili, LVEMP, ulikuwa na awamu mbili na zote zilifika mwisho. Mlinzi wa choo anadai mshahara kila mwezi. Kila mtumbwi utoe kiasi kidogo kwa wiki, kwa stakabadhi, kwenye akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Mapato na matumizi yabandikwe mwaloni kila mwezi, kwa maandishi makubwa, karibu na mizani ya samaki ambako kila mtu hupita.

Mkishafika hapo, watafuteni majirani. Gugu halijui mpaka wa kijiji, na mfereji wa wenzenu ndio maji yenu wakati wa kusi. Waiteni viongozi wa mialo yote ya ghuba yenu mara mbili kwa mwaka, mkutano mmoja kabla ya mvua za vuli na mwingine kabla ya masika. Kila mwalo uje na daftari lake na sahani yake, mpimie pamoja siku hiyo ili namba zenu zilingane, na nakala moja ya kurasa zote iachwe kwa afisa mazingira wa wilaya.